Super ya Voi, Super ya Birmingham

Kingstanding,
Birmingham.
Jumamosi asubuhi

Kwa Baba yangu,

Shikamoo. Hii ni shikamoo ya maandishi, kwa hiyo huna haja ya kuuliza "nani?" wala "sema kwa nguvu!" Kaka Mwakio ameniambia kwamba siku hizi ukiwekewa simu sikioni unasikia mvumo tu, na kwamba juzi nilipopiga ulidhani ni wale watu wa kuuza bima, ukanikatia. Sikukasirika. Nilicheka peke yangu kwenye korido ya wodi mpaka mgonjwa mmoja akaniuliza kama niko sawa. Basi kwa kuwa injini zimeyamaliza masikio yako, nimeona nitumie macho, na ndiyo maana naandika kwa herufi kubwa kama mtoto wa chekechea. Dada mmoja wa kanisani kwetu anakuja Voi kuwaona wazazi wake, nitampa bahasha hii mkononi.

Goti linaendeleaje? Mama naye, presha imetulia, au bado anaficha dawa akisema amepona? Na karakana je? Usiniambie kwamba umemwachia Mwakio. Najua kila asubuhi unabeba kile kigoda chako, unaenda kukaa pale mlangoni, unamtazama kaka anavyofungua nati, na unakunja uso.

Huku sote ni wazima. Mjukuu wako Mkamburi amerefuka, sare ya shule aliyonunuliwa majuzi inaonekana kama ya kuazima. Kiswahili anakielewa chote, hata tukinong'ona, ila jibu lake ni Kiingereza. Nikimwambia, "Mkamburi, njoo ule," anajibu, "Coming, Mum," halafu haji. Mkwe wako Safari naye ni mzima, anakuamkia sana. Mimi ndiye sina hakika niandike nini juu yangu. Tangu nianze barua hii nimeshainuka kupanga vikombe ambavyo vilikuwa vimepangwa, nimefungua dirisha, nimelifunga, nimekwenda hadi kituo cha basi nikarudi bila kupanda basi. Mvua nayo haijaamua kama inanyesha au hainyeshi. Unanijua, Baba.

Mama alikuwa akisema nimezaliwa na miguu inayowasha. Pale mlangoni wewe uliyatazama magari yaliyoharibika, mimi niliyatazama yaliyokuwa yakipita. Lori likipiga honi kuelekea Mombasa nilitamani Mombasa, jingine likipita kuelekea Nairobi nilitamani Nairobi. Nikaenda Mombasa, nikaenda Nairobi, nikaja Uingereza, nikakaa Leicester, nikahamia Birmingham, na hapa Birmingham penyewe tulianzia Newtown kwenye ghorofa kabla ya kupata hii nyumba ya Kingstanding. Kila mahali nikishajua duka gani lina unga mzuri na basi gani huchelewa, naanza kutazama mlango. Sijui ni ugonjwa gani huu, na mimi ni nesi.

Sasa kaa vizuri kwenye kigoda chako. Nilipata kazi Australia. Hospitali moja ilinihoji kwa kompyuta, ikanipenda, ikanipa miezi kadhaa niwape jibu. Mji wenyewe uko kando ya bahari, na jua lake ni jua hasa, si hii taa ya umeme mdogo tunayowashiwa huku. Wenzangu kadhaa kutoka Kenya walishakwenda, wananitumia picha wamevaa kandambili mwezi wa Desemba. Nilipomaliza kuzungumza na wale watu niliizunguka meza ya jikoni nikiimba.

Safari akasema hapana.

Hakupaza sauti, wewe unamjua kwa picha tu lakini nakuambia yule mwanamume hapazi sauti. Alikuwa anaosha sufuria. Alisema kwa kile Kiswahili chake cha kwao Uvira, "Mama Mkamburi, weye unahama juu ya kutamani. Mi nilihama juu ya risasi. Haiko kitu kimoja."

Nikamjibu kwa ukali. Nilimwambia walimpa jina la bure, mtu anaitwa Safari na hataki kusafiri hata hatua moja. Alicheka kidogo, kicheko cha adabu, akajifuta mikono, akachukua ufunguo akaenda gereji. Na hapo kwenye gereji ndipo palipo na habari yangu yote, kwa hiyo inabidi nikueleze juu ya gari.

Unalikumbuka lile Moris la mwalimu mkuu, la kijani, lililokuwa likiletwa kwako kila muhula ukifunga? Safari analo ndugu ya gari hilo, rangi ya chai ya maziwa. Kazi yake ni kupeleka vifurushi kwenye nyumba za watu, na siku moja aligonga mlango wa mzee mmoja kule Castle Vale, akaliona limefunikwa turubai uani. Mzee mwenyewe anaitwa Don. Maisha yake yote alikuwa akiunda magari kiwandani, na sasa miguu imemwishia, alikuwa anajiandaa kuhamia kwa binti yake huko Wales, kando ya bahari. Wawili hao walisimama uani wakizungumza mpaka vifurushi vya watu vikachelewa. Mwisho wake Mzee Don akasema afadhali gari lichukuliwe na huyu kijana kuliko mtu wa kuliweka maonyeshoni.

Tulikwenda kulichukua mimi na yeye. Wanasema Castle Vale yote imejengwa juu ya uwanja wa ndege wa zamani, na mimi nilipoambiwa nilihisi vibaya, nikawaza kwamba hapa watu wameikalia njia yenyewe ya kuondokea. Mzee Don aliniita "bab." Nilishtuka, nikadhani ananiita Baba. Kumbe wazee wa Birmingham ndivyo wanavyomwita mtu, kama sisi tunavyosema mwanangu. Aliligusa gari kwenye boneti, akanitazama mimi, si Safari, kwa sababu alishagundua kwamba Safari hashiki vizuri lafudhi yake, akasema, "Super, bab. Super in her and nothing else." Halafu akasema tulilete siku moja alione kule baharini.

Safari akaniuliza, "Anasema nini?"

"Anasema petroli tu, usije ukatia dizeli."

"Esansi?"

"Ndiyo, hiyo esansi yenu," nikamwambia. "Watu wastaarabu tunaiita super."

Tangu tuoane namtania kwa maneno yake ya Kifaransa, na hiyo siku nilimtania njia nzima. Na wewe ungemtafsiria vilevile, Baba, usinicheke. Kwetu ukiingia kituoni unaulizwa, "Super ama dizeli?" na hakuna neno la tatu. Safari akaliweka neno moyoni. Kila alipokwenda kutia mafuta alijisemea, "Super, super," akashika ule mpini wa kijani, kwa sababu mweusi ni wa dizeli.

Kuna jambo jingine ambalo lazima ulijue juu yake. Uvira alikuwa dereva wa pikapu ya mfanyabiashara mmoja. Siku waliyokimbia, barabara ilijaa watu na magodoro, gari likawa haliwezi kusonga mbele wala kurudi. Akaliacha hapohapo, ufunguo ndani, akisema labda kuna mtu litamfaa, akashika njia kwa miguu. Sijawahi kumsikia akiitaja nyumba waliyoiacha, wala nguo, wala kuku wa mama yake. Hiyo pikapu ndiyo huitaja. Ndiyo maana ufunguo wa Moris hauachi popote, hata akienda kuoga huuweka kwenye kisahani cha sabuni. Mimi namcheka, na Mkamburi naye anamcheka.

Siku ya kwanza tulipoliwasha hapa nyumbani nilitoa ile bisibisi yako ya mpini wa mti, uliyonipa nikiondoka. Nikaweka ncha kwenye injini na mpini sikioni kama ulivyonifundisha, nikawa kama nakusikia ukiniuliza, "Linasema nini?" Nilimweleza Safari kwamba kwenye karakana ya babangu injini huzungumza. Iliyoshiba na kutulia husema nipo, nipo, nipo. Yenye njaa ya mafuta husema nipe, nipe, nipe. Safari alifurahi kama mtoto, akasikiliza, akaapa kwamba amelisikia nipo waziwazi. Mkamburi akasema, "That's so silly," akarudi ndani kwenye simu yake.

Basi, majira ya baridi yakaja, gari likakaa gerejini na tangi limejaa. Mara mojamoja Safari analiwasha, analizima, analifunika blanketi. Ndipo ikaja ile barua pepe ya Australia, na lile hapana. Tukawa tunaishi kwa upole mwingi, unajua ule upole wa watu waliokasirikiana, nipe chumvi tafadhali, asante sana. Nilikuwa nazunguka nyumba. Nikitoka kazini, badala ya kuja moja kwa moja nilishuka basi mbali nikatembea, mvua na yote, kwa sababu nikikaa chini nilihisi kama mtu amenikalia juu.

Kulipoanza kupata joto gari likaanza kukohoa. Ukikanyaga mafuta linasita, linarukaruka, linazima. Safari akaja kuniita, uso umemshuka. Nikaenda na bisibisi. "Linasema nipe," nikamwambia, "lina njaa. Litie super." Akaenda, akalijaza tangi tena hadi mdomoni. Nami nikiwa nimesimama pale gerejini nilikuwa nawaza kwamba gari hili likifa, basi, hakuna cha kumfunga huyu mtu hapa. Nililichukia, Baba. Chuma kizee, rangi ya chai, kimenikalia njiani.

Likizo ya shule ilipofika Safari alinipa maneno yake. Twende tumwonyeshe Mzee Don gari lake, halafu tukirudi tutakaa tuzungumze habari ya Australia, na atanisikiliza mpaka mwisho. Sikungoja arudie. Niliamka mapema nikapika, nikajaza chupa za chai, nikafunga chapati kwenye taulo. Safari alivaa suti ya kanisani, ile ya kuimbia kwaya. Alilisugua gari mpaka ungeweza kujinyolea ndevu kwenye mlango wake.

Mwanzoni lilikwenda vizuri. Watu walitupungia mikono. Mkamburi alikaa nyuma na vipokea sauti vya simu masikioni, na mimi, kwa sababu tulikuwa tunakwenda, nilikuwa na furaha. Hivyo tu, kwa kuwa magurudumu yanazunguka. Nyumba zikaisha, kondoo wakaanza, na baada ya kondoo vikaja vilima vya Wales. Kwenye kilima kirefu nikalisikia. Halikuhitaji bisibisi. Nipe, nipe, nipe.

"Baba Mkamburi, lina njaa."

"Ni mulima tu," akasema. "Linapanda."

Halafu nikasikia harufu. Nimekulia kwenye harufu ya petroli, Baba, naijua ya kwenye nguo, naijua ya kwenye debe, na hii haikuwa hata moja kati ya hizo. Hii ilikuwa mbichi, ya moto, inaingia miguuni kutoka mbele. Nikapiga kelele, "Zima! Zima injini! Toka barabarani!" Yeye hakuuliza. Alizima, tukateremka kwa uzito wetu hadi kwenye majani kando ya njia, na kabla halijasimama vizuri nilikuwa nimefungua mlango. Mkamburi alikuwa hasikii kitu kwa yale makombe ya masikioni. Nilimvuta kwa mkono, ananiambia, "Mum, my shoes," nami namvuta, nikamfikisha mbali kwenye uzio wa kondoo, nguvu nilizotumia sijui zilitoka wapi. Alama za vidole vyangu zilikaa mkononi mwake hadi kesho yake.

Halikuwaka moto. Nakuambia mapema ili moyo wako usiruke. Tulingoja mpaka injini ikapoa, tukafungua boneti pamoja. Ule mpira mfupi unaoleta petroli kwenye kabureta ulikuwa umepasuka, na petroli ilikuwa imetiririka ikateremka mpaka juu ya bomba la moshi. Juu yake, Baba. Safari aliushika ule mpira ukamkatikia kidoleni, laini, wa kunata, kama ubani uliotafunwa na kutemwa. Alikuwa amebadilisha mipira hiyo yote siku za mwanzo tu. Akawa anautazama, anautazama.

Ilibidi nimpigie Mzee Don kumwambia kwamba hatufiki. Nilidhani atasikitika tu. Badala yake akaniuliza, gari mnalitia nini? Nikamjibu kwa kiburi kwamba tunalitia super, kama ulivyotuagiza. Akauliza, mpini rangi gani? Nikasema wa kijani. "Oh, bab," akasema, na jinsi alivyolisema nilijua kabla hajanieleza.

Kumbe huku super si jina la petroli, ni jina la petroli moja kati ya mbili. Ile ya kawaida, ya mpini wa kijani, imeandikwa E10, maana yake wamechanganya na ethanoli, yaani pombe kali iliyokamuliwa kwenye nafaka. Magari ya siku hizi yanainywa bila taabu. Ya zamani hayakuumbwa kwa ajili yake. Pombe hiyo inaulainisha mpira na kuutafuna, na gari likikaa muda mrefu inavuta unyevu, maji yanatuama chini ya tangi, kutu inaingia, na ule uchafu wote unakwenda kuziba kabureta. Super yao ni ile nyingine, yenye ethanoli kidogo. Ndiyo aliyoiagiza. Nikiwa nimesimama pale kwenye majani, simu mkononi, ndipo nikakumbuka kwamba zamani hata Voi kulikuwa na pampu mbili, regular na super, na wewe ulikuwa ukibishana na watu juu ya ipi iende kwenye gari gani. Regular ikatoweka, super ikabaki ikawa jina la petroli yote. Wewe ukibishana, mimi bila shaka nilikuwa natazama malori.

Nikamweleza Safari. Nilimweleza polepole, kwa sababu neno lile lilikuwa langu. Akakodoa macho.

"Pombe? Mu gari yangu?"

"Pombe."

"Baridi yote ile, mi niko naimba kwaya, na gari yangu iko inakunywa kanyanga?"

"Na ulipoona inaumwa ukaiongezea," nikasema, "na mimi ndiye niliyekuagiza."

Tulicheka, Baba. Tulicheka mpaka Mkamburi akatutazama kama wendawazimu, mwanamume wa suti na mwanamke ameshika chapati kwenye kilima cha watu. Safari alicheka hadi akakaa chini kwenye majani yenye maji. Na akiwa amekaa pale kicheko kikamwisha, ukabaki uso mtupu.

"Nilimuweka mutoto mule ndani," akasema. Baadaye kidogo akasema, "Basi. Tuende, Mama Mkamburi. Tuende kule kwenu Australia. Waandikie, wambie tunakuja."

Niliyangoja maneno hayo tangu baridi. Niliyazungukia nyumba, niliyatembelea kwenye mvua. Nikageuka kulitazama gari ili asione uso wangu, na hapo nikaona kwenye kioo kwamba ufunguo ulikuwa bado ndani, unaning'inia mahali pake. Alikuwa ameuacha. Nilikwenda nikauchomoa, nikautia mkobani, naye hakuuliza uko wapi.

Tulirudi kwenye gari la kuvuta, sote watatu tumebanana mbele na dereva, Moris limepandishwa nyuma. Mkamburi aliuliza, "So are we going to Australia?" Nikamfungulia chapati.

Nyumbani nilifungua kompyuta kuwaandikia. Nikainuka nikaosha vyombo. Nikaifungua tena, nikainuka nikafua mapazia. Siku zikapita hivyo. Safari alikwenda kazini, akarudi, akala, akasema asante, hakukanyaga gerejini. Nilimrudishia ufunguo, akautundika kwenye msumari wa mlangoni, pale penye miavuli, mahali ambapo yeyote anaweza kuuchukua. Kila nilipopita nikitoka kwenda kazini niliuona. Mtu aliyekuwa akioga na ufunguo, Baba. Angekuja Australia, hilo silitilii shaka. Angekuja kama alivyokwenda kila mahali, mikono mitupu, hasemi neno, na angepika na kuosha sufuria na kunipenda. Lakini waliomfanya aache gari lake barabarani mara ya kwanza walikuwa na bunduki, na wa mara ya pili alikuwa mkewe.

Basi niliingia gerejini mimi. Niliagiza mipira mipya, ile inayostahimili pombe. Nikamwaga mafuta yote ya tangini, yalitoka na maji na vumbi la kutu, rangi kama ya chai iliyolala. Kabureta niliifungulia juu ya meza ya jikoni kwenye magazeti, nikasafisha kila kitundu, nikakumbuka ulivyokuwa ukipuliza kwa mdomo halafu unatema, nami nikapuliza nikatema. Mkamburi akaja akiziba pua na kulalamika, akabaki. Mikono ilinitulia. Miaka mingi mikono yangu haijatulia namna ile, hata nikisali.

Mafuta nilikwenda kuyaleta kwa galoni, nikasimama mbele ya pampu nikasoma kila neno kama mtihani. Super. Ya Birmingham, si ya Voi.

Jumapili iliyopita tukitoka kanisani niliuchukua ufunguo kwenye msumari nikaliwasha. Likagoma. Likakubali. Likaanza, nipe, nipe, na mimi nikazungusha skrubu kidogo, nikarudisha, nikazungusha, kichwa kiko ndani ya boneti na gauni la kanisani limeshaharibika. Mkamburi alikuwa ameshika bisibisi. Sikumwambia afanye kitu. Aliiweka mwenyewe, ncha kwenye injini, mpini sikioni, akafumba macho, akakaa hivyo kitambo.

"Mum," akasema, "it's saying nipo."

"Una hakika?"

"Yeah. Listen. Nipo, nipo, nipo."

Nilipoinua kichwa Safari alikuwa mlangoni na suti yake. Sijui alikuwa amesimama tangu lini. Alikuja akasikiliza, hakutaka bisibisi, aliweka kiganja tu. Halafu akalizima, akachomoa ufunguo, akautia mfukoni.

"Na Australia?" akauliza.

"Nimewaandikia. Nimewaambia watafute mwingine."

"Na ile miguu yako?"

"Inawasha," nikamwambia. "Inawasha sana."

"Njo tutaipeleka kwa Mzee Don," akasema. "Baharini iko maji mingi, tutailoweka."

Sasa sitaki udhani nimekuwa mtu mwingine. Leo asubuhi, kama nilivyokuambia, nimekwenda hadi kituo cha basi bila safari yoyote. Picha za kandambili bado zinakuja, na nikiziona roho inaniruka, na jana nililia kidogo chooni kazini kwa ajili ya lile jua. Huenda nikajuta. Lakini jambo hili nimelichagua mwenyewe, hakuna mtu aliyenikalia njiani.

Nisalimie Mama, umwambie dawa za presha humezwa hata mtu akijisikia vizuri, mwanawe ndiye nesi. Msalimie kaka Mwakio, na wifi yangu mkewe aliyenifundisha kusuka, na watoto wao wote. Msalimie shangazi wa Wundanyi, umwombe radhi kwamba sikuja kwenye matanga ya mumewe, simanzi yake ninayo. Mpe heshima zangu mchungaji aliyetufungisha ndoa kwa simu. Na ile mipira ya zamani uliyoihifadhi kwenye kopo la kahawa, usimwache Mwakio aitupe bado, labda siku moja tutaihitaji.

Simu usipoisikia, Baba, usihangaike. Weka kidole juu ya barua hii ujue inasema nini.

Nipo.

Binti yako,
Wakesho